Haraka ya Kuonekana

"Haraka ya kuonekana humwangusha aliyekushika." Hayo ndiyo maneno mliyoyasoma leo nyuma ya tela la miwa, mkacheka, mkasema dereva anapenda mafumbo. Dereva mwenyewe hajui alichoandika. Nilimuuliza siku moja, akaniambia eti ni onyo kwa vijana wa bodaboda wanaopita magari ovyo. Nikamwacha, maana ukimsahihisha kila mtu utazeeka kabla ya wakati, na mimi nimeshazeeka tayari. Lakini nyinyi mmeuliza kwa adabu, basi kaeni niwaeleze msemo huo ulikotoka. Haukuzaliwa barabarani. Ulizaliwa katika uwanja wa raga wa kiwanda cha sukari cha Lukoye, na aliyeusababisha alikuwa kijana mwema. Hilo lishikeni mapema, kwa sababu mkifika mwisho mtataka kumchukia.

Jina lake Khaemba. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini, mpana wa mabega, mpole wa maneno, na mwenye nguvu ambazo hata yeye mwenyewe alikuwa hajazijua vizuri. Alilelewa na nyanya yake, Nasambu, ambaye kijiji kizima kilimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyowaita nyanya zao. Kukhu alimlea kwa jembe na kwa maombi, na kijana alipoitwa kwenda kambini kujaribiwa katika timu ya Lukoye, bibi huyo alitangaza habari sokoni mpaka wauza mboga wakachoka kumsikia.

Kambi ya Lukoye ilidumu mwezi mzima kabla ya ligi kuanza. Wachezaji walilala katika mabweni ya zamani ya wakata miwa, wakala ugali katika bwalo moja, na kila asubuhi wakasukuma tela bovu lililojazwa mawe kutoka karakana hadi uwanjani. Wapya walikuwa tisa mwaka ule. Kocha Makhanu, mtu asiyependa maneno mengi, aliwaambia siku ya kwanza kwamba orodha ya timu itabandikwa kwenye mlango wa bwalo Jumamosi ya mwisho, baada ya mechi ya majaribio, na asiyeona jina lake afunge mzigo wake arudi kwao. Khaemba alikuwa na nafasi moja tu ya kugombea, nayo ni jezi nambari tatu.

Sasa nyinyi mnaopenda kandanda mniwie radhi, lazima nieleze nambari tatu ni nani. Katika raga kuna wakati refa huwaamuru wanaume wanane wa kila upande washikane, wainame, na wasukumane bega kwa bega, huku mpira ukitupwa katikati yao. Hiyo huitwa skramu. Mbele kabisa hukaa watatu. Yule wa katikati huwarushia wenzake wawili mikono mabegani akaning'inia, kwa sababu miguu yake ina kazi ya kuuvuta mpira kwa kisigino. Hana mkono wa kujikinga wala mguu wa kujitegemeza. Shingo yake ameikabidhi kwa aliye kushoto na aliye kulia. Nambari tatu ndiye wa kulia, na mzigo mkubwa huangukia kwake. Mpira haupati. Sifa hazipati. Watazamaji huona mgongo wake na matope, basi.

Jezi hiyo ilikuwa ya Sikolia kwa miaka tisa. Sikolia alikuwa mkongwe mwenye goti bovu, na ajabu ni kwamba ndiye aliyemfundisha Khaemba jinsi ya kuweka miguu na kunyoosha mgongo, ingawa alijua anamfundisha mtu wa kumng'oa. Katikati alikuwa Mulongo, fundi wa kuchomelea vyuma pale kiwandani, mwenye mke na watoto watatu, mcheshi wa kambi. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ambayo Lukoye wanaifuata hadi leo. Kabla ya kila skramu, akishawarushia wenzake mikono, huuliza kwa sauti, "Mmenishika?" Nao hujibu, "Tumekushika!" Bila jibu hilo hainami. Na mkono ukishashika, hauachii mpaka yeye mwenyewe aseme, "Haya!" Mpira uwe umetoka, usiwe umetoka, hauachii.

Khaemba aliishika desturi hiyo vizuri sana. Wiki ya pili hata Sikolia alikubali, akamwambia Mulongo wakiwa wanakunywa uji, "Huyu kijana akikushika unajua umeshikwa."

Jumamosi ya wiki ya tatu Kukhu akaja kutazama mechi ya mazoezi. Alitoka nyumbani alfajiri, akatembea, akapanda boda, akafika na kikapu cha njugu na mwavuli mweusi. Alisimama kando ya uwanja mechi yote. Ilipokwisha, Khaemba alimwendea akiwa na matope mpaka masikioni, anatabasamu.

"Baba," Kukhu akamwuliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, Kukhu."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya ile skramu. Pale tulipoinama."

"Aa! Kumbe wewe ni wa pale?" Bibi akakuna kichwa. "Mimi nimemwona yule mwembamba anayekimbia na mpira. Nimewaambia hawa akina mama kwamba huyo ndiye wangu. Kumbe nimetoka kwangu na giza kuja kutazama migongo!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka, Khaemba naye akacheka. Ulikuwa utani wa bibi na mjukuu wake, hauna ubaya wowote. Lakini kuna utani unaoingia mwilini kama mwiba wa samaki. Wiki nzima iliyofuata Khaemba aliukumbuka akila, akausukuma pamoja na tela la mawe. Alijiuliza: kama mtu aliyenilea hawezi kuniona, huyo kocha ananiona? Hakumwambia mtu. Laiti angemwambia Mulongo, wangecheka mara moja ikaisha.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Kukhu alirudi, safari hii na majirani wawili. Khaemba alimwinamia akamwambia, "Kukhu, leo utaniona."

Kambi iligawanywa timu mbili. Sikolia alicheza kipindi cha kwanza, akatoka akichechemea. Khaemba akaingia cha pili. Alicheza vizuri, lazima niseme haki, alisukuma kama alivyofundishwa na hakuna skramu iliyomshinda. Lakini kila alipoinua kichwa alimtafuta Kukhu, na kila alipomwona alikuwa akitazama kwingine, kule mpira ulikokimbilia.

Zikiwa zimebaki dakika chache, ikaitwa skramu hatua tano tu kutoka mstari wa mwisho wa wapinzani. Mulongo akawarushia mikono.

"Mmenishika?"

"Tumekushika!"

Wakaingia. Mpira ukatupwa, Mulongo akauvuta, ukapita miguuni mwao ukarudi nyuma. Wapinzani walikuwa wanasukuma kwa nguvu zao zote. Khaemba akauona mpira kwa pembe ya jicho. Alijua kwamba akichomoka sasa, kabla ya wengine, atapewa mpira akiwa hatua mbili kutoka mstari na hakuna wa kumzuia. Mulongo alikuwa bado hajasema lile neno lake, "Haya!"

Khaemba akaachia.

Alichomoka, akanyoosha mikono, akapewa mpira na mwenzake wa nyuma, akauangukia ng'ambo ya mstari, na hivyo ndivyo watu wa raga wanavyofunga. Kukhu alimwona. Vigelegele vyake vilisikika uwanja mzima, na majirani wakavipokea. Khaemba akainuka, akauinua mpira juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, uso wake umemgeukia bibi yake. Firimbi ililia kwa muda mrefu, naye akadhani inalia kwa ajili yake. Ilimchukua muda kutambua kwamba wenzake hawakuja kumkumbatia.

Alipogeuka, skramu ilikuwa chini. Upande wa kulia ulipobaki wazi, nguvu yote ya wapinzani ilipitia pale, na wanaume wakamwangukia Mulongo ambaye mikono yake ilikuwa mabegani kwa watu. Wengine walikuwa wanainuka mmoja mmoja. Mulongo hakuinuka. Sikolia, na goti lake bovu, alikuwa ameshapiga magoti matopeni amekishika kichwa cha rafiki yake kwa viganja viwili, anapiga kelele, "Msimgeuze! Mtu asimguse!"

Gari la wagonjwa la kiwanda likamchukua. Wakati huo wote Khaemba alikuwa ameushika ule mpira, na hakuna aliyemwambia auweke chini.

Jioni alimfuata Kocha Makhanu mlangoni pa bwalo. Karatasi ilikuwa imeshabandikwa.

"Kocha, nifute jina langu, kama lipo."

"Lipo," kocha akasema. "Niliandika jana."

"Jana? Kabla ya mechi?"

"Mulongo alikuja kwangu Alhamisi. Akaniambia, 'Kocha, niwekee yule kijana kulia kwangu. Nikiwa naye, siogopi.' Nikaandika." Kocha hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Leo hukuwa na kitu cha kunionyesha, Khaemba. Nilitaka tu ucheze kama kila siku."

Kijana alikaa chini pale pale kizingitini akalia, wenzake wakimruka kwenda kula.

Jamaa za Mulongo walimkataza kwenda hospitali wiki mbili. Wiki ya tatu mke wa Mulongo mwenyewe akatuma ujumbe kwamba aende. Alimkuta Mulongo amelala chali, shingo imefungwa, macho yanatazama dari. Miguu ilikuwa imeanza kuitika kidogo. Mikono ndiyo iliyokataa. Vidole vilivyokuwa vikiunganisha chuma kwa chuma vilikuwa juu ya shuka, vimekunjika nusu, na nzi akitua juu yake hakufukuzwa.

"Kaka Mulongo," Khaemba akasema, "sina neno la kusema. Nilikuachia."

"Najua. Nilisikia mkono wako ukitoka, wangu ukiwa bado umekushika." Mulongo akayahamisha macho kutoka darini. "Nataka kukuuliza jambo moja, na usinidanganye. Bibi yako alikuona?"

Khaemba alitamani ardhi ipasuke. "Aliniona."

"Alifurahi?"

"Alipiga vigelegele."

"Basi afadhali mmoja alifurahi," Mulongo akasema. Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana maneno hayo yalimchoma Khaemba maisha yake yote. Kisha akamwomba amfukuzie yule nzi.

Kukhu hakujua lolote. Kwake yeye, mtu mmoja aliumia mchezoni na mjukuu wake alifunga, mambo mawili tofauti, na la pili alikuwa amelihadithia sokoni mara nyingi. Khaemba alipofika nyumbani akamweleza yote bila kuficha, akimwonyesha hata jinsi mkono ulivyokuwa umeshika na jinsi ulivyoachia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Aliingia ndani, akatoka na jogoo wake mkubwa, akasema, "Twende kwa mke wa huyo mtu."

Walikwenda wakamkuta anafua nguo. Kukhu alimpa jogoo kwa mikono miwili, na hakukubali kiti alichopewa, alisimama.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyemwuliza mtoto alikuwa wapi. Naye akataka nimwone. Haraka ya kuonekana imemwangusha aliyemshika. Sina lingine. Nimekuja nilie na wewe."

Wakalia, wanawake wawili waliokuwa hawajuani. Khaemba alisimama kando hajui aweke wapi mikono yake.

Mke wa Mulongo ndiye aliyeyarudia maneno yale kwa majirani, majirani wakayapeleka kiwandani, yakapunguzwa na kunyooshwa kama maneno yanavyofanywa na midomo mingi, mpaka yakawa methali. Mulongo alitembea tena, polepole, lakini vidole havikurudi, na chuma hakukichomelea tena. Kiwanda kilimpa kazi ya kukaa langoni. Khaemba alimlimia shamba kila msimu, na kila alipokuja Mulongo alimpokea kwa utani ule ule wa zamani. Kuna watu hukusamehe mpaka unatamani wangekutukana.

Sikolia aliacha kucheza mwaka ule ule, goti lilikuwa limekwisha. Kwa hiyo jezi nambari tatu ilibaki kwa Khaemba kama ilivyoandikwa, akaivaa miaka kumi na moja. Marefa walimjua. Skramu ikimalizika, mpira ukiwa umeshafika upande wa pili wa uwanja, ilibidi wamguse begani wamwambie imekwisha, kwa maana mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania mgongo wa mwenzake.

Siku hizi ndiye anayewapokea wapya kambini. Huwafundisha miguu, mgongo na mkono, kisha huwatajia maneno ya bibi yake, nao hudhani ni hekima ya mababu wa kale. Mwaka jana kijana mmoja, mwenye mdomo mwepesi kama wenu, alimtazama huyo mzee mwenye shingo nene akamwuliza, "Na wewe, mwalimu, miaka yote hiyo uliinama tu? Hukuwahi hata kuonekana?"

"Niliwahi," Khaemba akamjibu. "Mara moja."

Akawaambia wainame, washikane, na akapita nyuma yao akikagua mikono, mmoja baada ya mwingine, akisema taratibu kila alipofika: "Haraka ya kuonekana humwangusha aliyekushika."