Watoto Waliopelekwa Kufyeka Nyasi

Ilikuwa Jumatatu, saa nne kasoro robo asubuhi, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi alipoingia darasa la tatu bila hodi. "Watafiti wamefika kijiji cha jirani," alisema. "Wanapima kusoma. Sisi ndio tunaofuata."

Mwalimu wa darasa lile alikuwa dada mmoja aliyetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, mtu wa wasiwasi, ambaye hata chaki alizipanga kwa urefu wake. Karibu nusu ya watoto wake walikuwa bado hawajui kusoma.

"Sasa wale wa nyuma nitawafanyaje, Mkuu?"

"Kama kawaida, binti yangu. Nyasi za uwanjani si zimerefuka? Mgeni haonyeshwi uvungu wa kitanda."

Mnacheka, ndugu zangu, kwa sababu kawaida hiyo mnaijua. Ni shule gani ambayo nyasi zake hazirefuki siku ya wageni?

Basi wasiojua kusoma wakapewa mafyekeo, wakatoka. Waliobaki wakasogezwa madawati ya mbele. Mtafiti akaja, mama wa makamo mwenye miwani, akamsikiliza mtoto mmoja mmoja. Walisoma kama maji.

Mama yule akafunga mkoba wake. "Hongera, mwalimu. Basi hapa kwenu hatuna kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Kuna mpango mpya. Shule yenye watoto walioachwa nyuma itapewa mwalimu wa kuwafundisha kusoma kila alasiri, na vitabu vyao. Ninyi hamna watoto wa namna hiyo. Tutaupeleka kwingine."

Dada yule akatazama dirishani. Palikuwa na mtoto anaitwa Subilaga, hodari wa hesabu za kichwa, ila herufi zilikuwa zimemkataa katakata. Alikuwa ameinama juani, akifyeka kwa bidii zote, akidhani amepewa kazi ya heshima.

Akinyamaza, sifa inabaki shuleni na Subilaga anabaki na fyekeo. Akisema, Mwalimu Mkuu huyo hapo mlangoni. Ingekuwa wewe, ungefanyaje?

"Mama, wapo," alisema. "Wako nje, wanafyeka. Tuliwatoa usiwaone."

Mwalimu Mkuu akakohoa, akaanza kuchunguza dari. Mtafiti akajiketisha kwenye benchi la watoto, akavua miwani. Dada akafumba macho kungoja karipio. Akasikia kicheko.

"Afadhali! Mwanangu, afadhali! Shule zote nilizopita huku, watoto wote wanasoma kama maji. Nilikuwa naenda kuandika kwamba mpango ufutwe, hauna wa kumsaidia. Hebu waiteni!"

"Nawaita mwenyewe," alisema Mwalimu Mkuu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa gunia la mahindi begani. Akageuka mlangoni. "Na wa darasa la nne je? Wale wako kisimani."

Ndugu zangu, sisi tunaingia hapa kila juma na kumweka Mungu mbele ya madawati yetu ya mbele. Tunamwonyesha nyimbo tunazozijua, sadaka, nguo zilizonyooshwa. Wivu wetu tumeutuma kisimani. Ndoa inayovunjika tumeipa fyekeo. Kisha tunarudi nyumbani tukinung'unika: mbona msaada hauji? Ulikuja. Ulikaa mbele yetu, ukauliza, nasi tukajibu kwamba kwetu hakuna mwenye shida.

Na mzazi uliyeketi hapo, unayesema "wangu anaendelea vizuri" huku unajua hasomi hata jina lake: unamlinda nani? Tunaogopa mkaguzi, kumbe aliyekuja ni mwalimu. Mtoe mtoto uwanjani. Itoe na ile shida yako. Hutapigwa.

Yule dada alilala usingizi mzito usiku ule, wa kwanza tangu aanze kazi. Kesho yake asubuhi aliliacha dawati lake, akaenda kuketi benchi la nyuma, bega kwa bega na Subilaga, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Hii ni nini?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Sijui, mwalimu."

"Vizuri sana," akamwambia. "Tuanzie hapo."