Sultani Aliyefundisha Bila Kujua

Hapo zamani, wakati haki ilipokuwa na bawabu mlangoni, palikuwa na mji ukiitwa Pongwani, na Sultani wake alikuwa Shekuwe. Sultani huyu hakutaka kutumia neno moja na raia zake, kama asivyotaka kula nao sinia moja. Basi akajitungia maneno ya ndani, ya jumba lake peke yake, na ikawa asiyeyajua hasemi barazani. Akithubutu kushtaki kwa maneno ya sokoni, hutolewa kwa fimbo. Tena akapiga mbiu: "Atakayemfundisha mtu wa nje neno la ndani atawatekea watu wa mji maji, kwa mikono yake mwenyewe!" Wakuu wakacheka hadi vilemba vikawalegea, kwani kwao kuteka maji ilikuwa aibu kupita kuiba, na kuiba walikuwa wamekwisha kuzoea.

Ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Sultani akakizungushia ukuta kisima cha mji, kikawa cha kunyweshea mawaridi yake, na watu wakanywa dimbwini pamoja na punda. Wazee wakaenda kushtaki. Wakasema "maji", wakala fimbo.

Katika mji ule alikuwako Mize binti Shee, fukara asiye hata na kuku, na watu walimwita Mize Zuzu kwa kuwa kila aliloambiwa alilishika vivyo hivyo lilivyo. Bibi yake alikuwa kitandani, tumbo limemharibika kwa maji ya dimbwi, macho yamemwingia ndani.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "nipatie funda moja tu la maji ya kisimani."

Mize akajifunga leso kiunoni, akashika njia ya jumbani.

"Ala!" Waziri Mbwarahaji akapiga makofi alipomwona. "Zuzu naye ana shtaka? Kuomba chumvi kwa jirani hajui, ataweza kuomba haki?"

"Mwache," akasema Sultani, kwa kuwa siku ile hakuwa na mchezo mwingine. "Ewe binti, nakupa muda hadi alasiri. Ukisema shtaka lako kwa maneno ya ndani, nitalisikiliza. Ukikosea, utanyolewa kichwa, upandishwe punda kinyumenyume, ufukuzwe mji. Na mtu yeyote asikwambie maana ya neno hata moja!"

"Nisiambiwe maana," Mize akarudia polepole. "Nimeshika, bwana wangu. Na kusikia je, kumekatazwa?"

"Sikia hadi masikio yaote majani!"

Basi Mize akaketi kizingitini, akatega sikio. Punde Sultani akafoka, "Leteni halindi, koo limenikauka!" Akaletewa bilauri. Mize akawaza, labda ni sharubati. Mara kijakazi akapita na mzigo wa nguo, Sultani akamkemea, "Kanzu yangu uifue kwa halindi safi!" Mize akacheka moyoni. Nani afuaye kanzu kwa sharubati ila aliyerogwa? Basi halindi ni maji.

Farasi akalia nje. "Samileni lango apite," Sultani akaamuru, "kisha mlifunge." Mize akaona lango linavyokwenda, akaliweka neno mahali pake. Baadaye Waziri akaanza kumpaka bwana wake mafuta kwa mgongo wa chupa: "Wewe ni mwenye huruma, bwana wangu, si kama Sultani wa mji jirani, yule dumeli anayewanyang'anya watu wake." Sultani akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Dumeli hana haya!" Mize naye akatikisa.

Alasiri ikafika. Mize akasimama, wakuu wakamwita kinyozi. Akasema, "Bwana wangu Sultani, bibi yangu anakufa kwa halindi chafu. Nakuomba usamile ukuta wa kisima, wasije majirani wakasema kuwa dumeli amehamia Pongwani."

Kinyozi akarudisha wembe mfukoni.

"Nani amemfundisha?" Sultani akanguruma. "Naapa kwa kiti hiki, awe nani awaye, leo hii atateka maji kabla jua halijatua!"

"Umeapa, bwana wangu?"

"Nimeapa!"

"Basi vua joho lisilowane. Aliyenifundisha ni wewe."

"Mwongo!" Waziri akadakia. "Sultani hakukwambia maana ya neno lolote!"

"Hakuniambia, naam, ningeambiwa, ningekuwa nimenyolewa sasa hivi. Lakini neno, bwana Waziri, haliishi peke yake kama mchawi. Lina majirani, na majirani wana midomo. Bwana wangu alisema koo limemkauka, akasema kanzu ifuliwe. Yaliyobaki nilijazia mwenyewe. Asubuhi niliingia silijui, sasa nalijua, na kinywa kilichonipa ni cha Sultani. Kama huko si kufundisha, nipe jina lake, ama la ndani ama la sokoni, lolote litatufaa."

Waziri akatazama zulia. Sultani akamtazama Waziri. Kiapo kilikuwa kimekwisha kusikiwa na baraza zima.

Basi lango la ukuta wa kisima likasamiliwa, mji mzima ukamiminika na mitungi, na Sultani Shekuwe akainama kisimani akaishika kamba. Ndoo ya kwanza Mize akaipokea kwa adabu, akampelekea bibi yake, akamnywesha hadi akashiba. Aliporudi, foleni ilikuwa imefika sokoni, nayo kamba imekwisha kumchubua Sultani viganja vyote viwili. Ndoo ikamponyoka, kamba ikampitia penye kidonda, akaruka, akapiga ukelele, "Mbwazule!"

Neno lile lilikuwa la ndani kabisa, na hakuna aliyewahi kulisikia. Sultani akaamuru ukuta ubomolewe papo hapo, kila mtu ajitekee. Na tangu siku ile, mwanamke wa Pongwani akiunguzwa na sufuria jikoni husema "Mbwazule!", na hajatokea mtoto aliyeuliza maana yake.