Masale Nyuma ya Zizi la Anasia

“Jani la msamaha huota kwa jirani.”

Bibi Ndeanka aliitamka methali hiyo huku akimenya ndizi za supu ya mtori, bila hata kuinua kichwa. Wajukuu wake watatu walikuwa wametoka darasa la kipaimara wakiwa na jambo la kubishania. Mwalimu alikuwa amewasimulia habari za njiwa wa Nuhu aliyerudi safinani na jani la mzeituni mdomoni, akawaambia kwamba tangu kale tawi la mzeituni ni neno la amani. Mjukuu mkubwa, Aikaeli, alitaka kujua watu wa mlimani watumie nini, maana mzeituni wa kwenye Biblia hawana.

“Mzeituni wa mwitu uko kule msituni,” bibi akamwambia, “lakini babu zenu waliuchongea mipini ya majembe. Ukimpelekea mtu tawi lake atakushukuru kwa kumletea kuni. Jani letu la amani ni sale. Na jani la msamaha, wanangu, huota kwa jirani.”

“Kwa nini kwa jirani, bibi? Si kila mtu ana masale yake?”

“Hapo ndipo penye neno. Shikeni visu mmenye, nami niwape chimbuko lake.”

Chimbuko la methali hii ni hili.

Katika kitongoji cha Kimbushi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, vihamba viwili vilipakana. Kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa na nyumba humo humo, na mtu hukipokea kwa baba yake kama anavyopokea jina. Kimoja kilikuwa cha Mzee Ndekirwa na mwanawe Ndesario. Cha pili kilikuwa cha Anasia, mjane wa marehemu Ngirangwa. Katikati ulikwenda mstari wa masale, ile mimea mirefu yenye majani membamba yasiyokubali kunyauka. Sale likiwa ardhini ndilo mpaka. Jani lake likichumwa na kufungwa fundo ni ombi la msamaha, na aliyekosewa akiisha kulipokea mkononi hana ruhusa tena ya kushika kinyongo. Ndiyo maana watu hawalipokei ovyo.

Mstari ule waliupanda Ndekirwa na Ngirangwa walipokuwa vijana, siku moja, mmoja akichimba na mwingine akishindilia udongo. Ngirangwa akafa. Ndekirwa naye akapatwa na maradhi ya miguu, akawa mtu wa kitandani, na kihamba kikabaki mikononi mwa Ndesario.

Ndesario hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari wa kazi, na hodari wa kazi akikosa wa kumwambia imetosha, huona kila kilicho karibu ni kazi yake. Alianza kuyatazama masale ya mpakani. Akaona yameegemea upande wao. Akaona kwamba kama yangenyooka, pangepatikana nafasi ya migomba mitatu. Siku moja Anasia alipokwenda sokoni, Ndesario akayang'oa yote, kuanzia njiani mpaka kwenye mfereji wa maji, akayatupa korongoni, na mahali pake, hatua mbili ndani ya kihamba cha mjane, akachimba mashimo ya migomba.

Anasia aliporudi alishusha kikapu chake polepole.

“Ndesario, mpaka uko wapi?”

“Uko pale pale, mae,” Ndesario akamjibu, maana ndivyo tunavyomwita mama wa heshima. “Ni macho yako tu yamezeeka.”

 Anasia alichukua kikapu chake akaingia ndani. Ardhi iliyoibwa ilimuuma, lakini neno lile la macho lilimuuma zaidi, kwa kuwa lilitoka kwa mtoto aliyembeba mgongoni. Tangu siku ile hawakusalimiana. Mvua za masika zikaja zikapita mara mbili. Walikutana kwenye mfereji kuchota maji, kila mmoja akatazama mtungi wake.

Kisha Mzee Ndekirwa akazidiwa. Alipoona siku zake zimekaribia alimwita mwanawe akamwambia amtoe nje, akaone kihamba chake kwa mara ya mwisho kabla hajambariki. Ndesario akatafuta visingizio: mara jua kali, mara upepo. Mzee akasema hata akifia nje ni sawa. Basi wakambeba kwa kiti hadi upande wa chini wa kihamba, na pale alipotazamia kuona masale akaona migomba mitatu iliyonawiri.

Mzee aliihesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha akauliza, “Ngirangwa amehamia wapi?”

“Baba, Ngirangwa alishafariki.”

“Najua alifariki. Nilimzika. Nauliza kazi ya mikono yake iko wapi.”

Ndesario akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyomwishia. Baba yake akasema, “Nilitaka kukutemea baraka kifuani leo, kama baba yangu alivyonitemea mimi. Siwezi. Baraka nikiitema juu ya kosa italirutubisha kosa. Nenda kwa Anasia na jani la sale. Akilipokea, njoo. Ila fanya haraka, mwanangu. Mimi sina siku nyingi za kukusubiri.”

Mwana wa mlimani akikosa baraka ya baba yake ni mtu aliyepewa nyumba isiyo na mlango. Ndesario alijua hivyo. Akakimbia kutafuta jani, na hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Masale yote ya kwao yalikuwa yale ya mpakani. Katika kihamba kizima, chenye migomba isiyohesabika, hapakuwa na jani moja la sale.

Mkewe, Manka, akamtazama anavyohangaika huku na huku. “Chukua basi la mgomba,” akasema. “Hayo unayo mengi sana siku hizi.”

Ndesario akaenda kwa baba yake mdogo, Makundi, ambaye uzio wake wote ulikuwa masale. Makundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Jani la sale ni ulimi, Ndesario. Nikikupa langu nitakuwa nimesema mimi, na mimi sikumkosea Anasia. Ulimi wa kuombea msamaha hauazimwi.”

Akaenda nyumba ya pili, akajibiwa vivyo hivyo kwa maneno ya upole zaidi. Alipokuwa akirudi alipita karibu na uzio wa mtu aliyekuwa hayupo nyumbani. Masale yamesimama njiani, marefu, hakuna anayemwona. Akanyoosha mkono, akalishika jani kabisa. Halafu akacheka peke yake kicheko kibaya: alikuwa karibu kumwomba mtu msamaha wa wizi kwa jani la wizi. Akaliachia, akaenda kwa Anasia mikono mitupu.

Alimkuta uani anapukuchua maharage. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia pale kwa miaka miwili, na alisimama kama mgeni asiyejua mlango.

“Mae,” akasema, “baba anakufa. Amenituma nikuletee sale, nami sina. Niliyang'oa yote. Nimeomba kwa watu, wamenikatalia, na wana haki. Nimekuja hivi hivi kukuambia kwamba nilitaka kuja vizuri, nikakosa cha kuja nacho.”

Anasia aliendelea kupukuchua maganda mawili matatu. Kisha akainuka, akajipangusa mikono, akamwambia, “Njoo huku.”

Akamzungusha nyuma ya zizi la ng'ombe. Pale, kando ya ukuta, palikuwa na masale kumi na moja yamesimama mstari mmoja, mabichi, yamefika kiunoni. Ndesario aliyatazama asiyaelewe. Kisha akaliona moja lenye shina lililopinda chini kama kiwiko, akalitambua. Alilikanyaga kwa mguu lile, siku aliposhindwa kuling'oa kwa mikono.

“Ulipoyatupa korongoni nilishuka kuyaokota,” Anasia akasema. “Mengine yalishaoza. Haya yalikubali. Usidhani niliyaokota kwa wema, Ndesario. Mume wangu aliyashika kwa mikono yake, sikuweza kuyaacha yalale kwenye takataka. Kila siku niliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo, na kila siku nilikutukana. Wewe na ukoo wako.”

“Nilistahili, mae.”

“Ulistahili kuliko nilivyotukana.” Akachomoa kisu kidogo kiunoni, akachagua jani lisilo na doa, akalikata, akamnyooshea.

Ndesario hakulipokea mara moja. “Mae, ukinipa jani hili halafu nikakuletea, hutakuwa na njia ya kunikatalia. Unajua hilo?”

“Macho yangu yamezeeka,” Anasia akasema, “akili bado. Ndiyo sababu nalikata mimi mwenyewe. Nimechoka kukutukana kila siku, na ndoo ni nzito. Shika. Sasa toka nje, uingie kama mtu mwenye shida yake.”

Basi Ndesario, mtu mzima mwenye ndevu, akatoka hadi njiani na jani lake. Akalifunga fundo, akabisha hodi, akakaribishwa. Akapiga magoti kwenye maganda ya maharage, akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

“Mae Anasia, mpaka niliung'oa mimi, nikijua. Macho yako hayakuwa na kasoro siku ile. Naomba unisamehe.”

Anasia akalipokea. “Nimelipokea. Aika, mwanangu, kwa kuja.”

Aika ni asante kwa lugha yetu. Ndesario aliposikia yeye ndiye anayeshukuriwa, alishindwa kujizuia, akalia pale pale mbele ya kuku na ng'ombe. Hakulia kwa aibu tu. Alilia kwa kuwa alikuja na njaa ya kitu ambacho hakuweza kukilima wala kukiomba kwa ndugu zake, akakikuta kimetunzwa kwa mtu aliyemwibia.

Anasia hakumwacha aende peke yake. Alijifunga khanga safi akaandamana naye, jani mkononi, hadi kitandani kwa Mzee Ndekirwa. Mzee akalitazama jani, akalishika fundo lake, akauliza, “Hili umelitoa wapi, wewe usiye na masale?”

“Amenichumia yeye, baba. Ni yale yenu, wewe na Ngirangwa. Aliyaokota.”

Mzee akamgeukia Anasia. Akasema neno moja tu, aika, akalirudia mara tatu. Kisha akaomba maziwa, akanywa funda, akamtemea mwanawe baraka kifuani. Akafariki siku ya nne, bila kuacha neno lililomlemea.

Ndesario aling'oa migomba mitatu, na masale yakarudishwa mpakani, yeye akichimba na Anasia akishindilia udongo kwa unyayo. Moja walilibakiza nyuma ya zizi, maana Anasia alikataza lisiguswe. Kwa miaka iliyofuata Ndesario alimkatia nyasi za ng'ombe wake kila wiki, na mtu akimsifu kwamba anamtunza vizuri mjane wa watu, alikuwa akikasirika kidogo na kusema hajui nani anamtunza nani.

Anasia alipofariki, mkongwe kabisa, ukoo ulimwomba Ndesario aseme neno kaburini kwa niaba ya majirani. Watu walijiweka sawa kwa hotuba, maana sasa naye alikuwa mzee, na wazee hawaijui hotuba fupi. Akasogea. Akaliweka juu ya udongo mbichi jani moja la sale, safari hii halina fundo, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa waliosimama nyuma:

“Aika, mae. Mimi sikuwa nalo. Jani la msamaha huota kwa jirani.”