Kamba ya Shukrani

Wahenga walituachia methali isemayo nguo ya kuazima haisitiri matako. Walimu wenye haya huimalizia kwa neno "maungo", na watoto darasani hucheka vilevile, maana wanajua kilichofichwa. Maana yake si ngumu. Kitu cha watu, hata ukivae kwa madaha namna gani, hukuvuka mwilini siku ile ambayo macho yote yako kwako. Palikuwa na fundi mmoja wa cherehani aliyeijua methali hii barabara. Aliwatajia wateja wote waliomwomba waende harusini na gauni la mtu mwingine lililokuwa likining'inia ukutani kusubiri mwenyewe. Lakini mganga hajigangi, na kinyozi hajinyoi.

Fundi huyu alikuwa mama wa watoto wawili, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake. Alipoolewa, baba yake alimpa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mzee alikuwa mwashi, aliyejenga nyumba za watu mpaka mgongo ukapinda, na mtamba yule ndiye aliyekuwa mali yake ya maana. Alimwita Shukrani, akasema atawanywesha wajukuu zake.

Shukrani hakukaa sana. Kikundi cha akina mama wa mtaa kilipanga kukutana nyumbani kwa fundi, naye akaona haya na viti vyake vya mbao. Akamuuza Shukrani, akanunua seti ya sofa nyekundu, ambazo hata plastiki yake hakuibandua. Banda likageuka stoo ya magunia ya vitambaa. Kila baba yake alipopiga simu kuulizia hali ya ng'ombe, fundi alijibu kwamba hajambo, anakula, anakamuliwa. Uongo ule aliulea kama mtoto, nao ukakua na kunenepa.

Basi mzee akatuma habari kwamba anakuja kuwatembelea, na kwamba amesokota kamba mpya kwa mikono yake kwa ajili ya Shukrani. Fundi alikimbilia kwa jirani yake, mjane aliyeitwa Mama Taratibu kwa jinsi alivyopima kila neno kabla ya kulitoa. Mama Taratibu alikuwa na ng'ombe mweusi, naye mwenye baka jeupe usoni, jina lake Kibibi, na alikuwa akimwandaa kwa maonyesho ya wakulima yaliyoangukia siku zilezile za ugeni huo. Fundi aliomba Kibibi asimame kwa jina la Shukrani siku hiyo moja tu. Mzee angemwona hukohuko uwanjani, roho yake ikatulia, akarudi kwake bila kufika bandani.

Mama Taratibu alimpangusa Kibibi mgongo mzima, fundi akikunja ncha ya mtandio wake.

"Kukuazima nitakuazima, jirani," alisema mwishowe. "Ila Kibibi hajui kwamba ameazimwa."

Fundi alicheka, akampiga kofi la mapenzi begani, akaenda zake akijiona ameutua mzigo.

Mzee alifika jioni. Aliambiwa kwamba Shukrani ameshapelekwa uwanjani mapema ili azoee kelele, akaridhika. Aliketi sebuleni akanywa chai, akazisifu zile sofa kwa ulaini wake. Fundi alitazama pembeni. Baba yake alikuwa amemkalia Shukrani bila kujua.

Kulipokucha, mvua ilikuwa ikinyesha kama iliyotumwa. Uwanja wa maonyesho ulikuwa umegeuka uji. Maturubai ya wauza mbegu yalijaa maji yakalegea, maboga ya mashindano yalioga hadharani, na watu wote walikimbilia banda la mifugo lenye paa la mabati. Mzee hakuijali mvua. Tangu getini alimweleza mkata tiketi, kisha muuza majembe, kisha mtu aliyekuwa akikamua maji kwenye suruali yake, kwamba humo ndani yumo ng'ombe aliyempa binti yake. Kamba aliificha ndani ya koti isilowe. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

Walipofika kwa Kibibi, mzee alimpitishia mkono mgongoni. Kisha akalishika sikio la kushoto, akalitomasa kwa vidole kutoka shinani hadi nchani. Akalitomasa tena.

"Una la kuniambia juu ya ng'ombe huyu, mwanangu?" aliuliza.

"Anakula sana, Baba. Hana shida yoyote."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akasogea ukutani. Kamba ilibaki ndani ya koti.

Ndipo bwana mifugo, mwamuzi wa siku ile, alipopanda juu ya ndoo iliyofudikizwa akatangaza kwamba ng'ombe hawataweza kuzungushwa uwanjani kwenye tope lile. Badala yake kila mwenye ng'ombe atamkamua wake hapohapo, watu waone. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Shukrani aliuzwa kabla ya kuzaa, hivyo fundi hakuwahi kugusa chuchu ya ng'ombe, wala hakujua kwamba Kibibi hakamuliwi hivihivi. Mama Taratibu humkanda kiwele kwa maji ya vuguvugu huku akimwimbia puani, polepole, mpaka maziwa yashuke yenyewe.

Fundi aliketi kwenye kigoda, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena kwa nguvu, kama avutaye uzi uliokwama kwenye cherehani. Kibibi aligeuza shingo akamtazama mgeni huyu, kisha akalia kwa sauti ndefu. Watu wakaanza kusogea. Mmoja aliuliza kama yule mama anamkamua au anamshona. Fundi alicheka nao. "Tulia, Shukrani," alinong'ona, na ng'ombe hakulitambua jina hilo.

Mama Taratibu alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo, kama walivyopatana. Kwa bahati mbaya baridi ya mvua ilimpata, akakohoa. Kikohozi kimoja tu kilitosha. Kibibi alirusha mguu, ndoo ikaenda upande wake na fundi upande wake, kamba kuukuu aliyofungiwa ikakatika. Ng'ombe akakata katikati ya watu moja kwa moja hadi kwenye nguzo, akaingiza kichwa kwapani mwa Mama Taratibu, akatulia tuli. Fundi alibaki amekaa kwenye tope mbele ya umati, sketi yake nzuri aliyojishonea mwenyewe imelowa nyuma yote.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" aliuliza bwana mifugo.

Mama Taratibu alimtazama fundi, fundi akatazama tope. Kabla yeyote hajajibu, mzee alijitokeza.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwonyesha binti yangu kwamba ng'ombe wetu ni huyu. Macho yangu yamezeeka, mabwana. Nimefananisha."

Banda zima likaangua kicheko. Kijana mmoja alisema mzee anunue kwanza miwani, ng'ombe baadaye. Aliyekuwa akikamua suruali alikumbusha jinsi mzee alivyojigamba tangu getini. Mzee alicheka pamoja nao, akayafikicha macho yake mazima kana kwamba yana ukungu. Fundi aliona aibu ambayo hakuwahi kuionja maishani. Ile ya kuanguka topeni ilikuwa ndogo. Hii ilikuwa ya kumwona mtu aliyempa kila alichokuwa nacho akichekwa kwa ajili yake, naye akiuvumilia mzaha huo kwa uso mkunjufu.

Aliinuka, tope likimdondoka.

"Macho ya baba yangu yanaona," alisema. "Ng'ombe huyu ni wa jirani yangu, nimemwazima ili nimdanganye baba. Wa kwetu nilimuuza zamani, nikanunua viti."

Hakuna aliyecheka tena. Kicheko kingekuwa afadhali. Watu waligeukia shughuli zao mmoja mmoja, wasitake kukutana naye macho. Mzee alitoa kamba mpya ndani ya koti, ikiwa kavu kabisa, akamfunga nayo Kibibi shingoni, akamshukuru Mama Taratibu kwa kumtunza ng'ombe wake vizuri.

Walirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Fundi alisema, "Nisamehe, Baba."

"Shukrani alichanwa sikio na waya wa ua akiwa ndama," mzee alijibu. "Mimi ndiye niliyemuuguza. Nilipolishika lile sikio, nikakuta halina kovu, nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie wewe, mwanangu. Sikutaka niambiwe na ng'ombe."

Hakumkaripia. Lakini walipoingia sebuleni alizipita zile sofa, akavuta kigoda cha cherehani, akakikalia mpaka asubuhi ya safari yake. Fundi alimwandalia chakula hapo, akamtazama akila huku amejikunyata, na kila tonge lilimchoma yeye.

Hadi leo, dirisha la chumba cha kushonea linatazama zizi la jirani. Kibibi hufungwa pale kila asubuhi kwa kamba nzuri iliyosokotwa na mikono ya mwashi. Juzi alikuja mteja, akaomba gauni la kijani lililokuwa ukutani, la mtu mwingine, alivae siku moja tu kisha alirudishe, nani atajua? Fundi aliitazama kamba ile mpaka mteja naye akageuka kuchungulia dirishani, asione cha ajabu. Kisha fundi akasema kwa sauti ya chini methali aliyozoea kuitaja kwa mzaha. Mteja alicheka. Fundi hakucheka, kwa kuwa alikuwa amejifunza mwenyewe, mbele ya watu na mbele ya baba yake, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.