Chumba cha Kuazima

Sogeeni mbele, ndugu zangu, nafasi ipo. Na nyinyi mlioegemea nguzo, leo sitawachelewesha. Nina mfano mmoja tu, na ni wa harusi, kwa hiyo hata mwenye usingizi atafumbua jicho.

Kulikuwa na kijana mmoja, fundi baiskeli. Kijana wa watu, mchapakazi, mikono imejaa grisi lakini mdomo wake haujui matusi. Alikuwa amepata mchumba kutoka mtaa wa mbali kidogo. Mahari ameshatoa, siku imeshapangwa, wapishi wameshaambiwa. Kimebaki kitu kimoja kinachomnyima raha, nacho ni chumba. Alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji watano. Ndani mna kitanda, sanduku la nguo, na kuta ambazo ukizigusa kwa bega, chokaa inakufuata mpaka sokoni. Humo ndimo alimotakiwa kumwingiza bi harusi na kukaa naye fungate, zile siku saba ambazo maharusi hawatoki, wanaletewa chakula, kazi yao ni kufurahiana. Hebu niambieni, utafurahi vipi wakati dari inakudondoshea vumbi kwenye maandazi?

Akaenda kwa shangazi yake. Mnawajua mashangazi wa namna hii, kila ukoo unaye mmoja: mfupi, sauti yake inatangulia kufika, na harusi isiyopita mikononi mwake yeye haihesabu kuwa ni harusi.

"Shangazi," akasema kijana, "chumba changu kinanitia aibu."

"Pesa unazo?"

"Sina. Nimezimaliza kwenye mahari."

"Basi pesa huna wewe, macho ninayo mimi. Kaa kando."

Kwa siku tatu mama huyu hakupumzika. Alikoroga chokaa, akatia buluu ya kufulia kidogo tu, akapaka kuta mara mbili, zikatoka na rangi ya mbingu ya asubuhi. Makreti mawili ya soda akayasimamisha, moja kila upande wa kitanda, akayavika vitambaa, yakawa vimeza. Kitanda kilichokuwa katikati akakisogeza ukutani, na papo hapo chumba kikaonekana kimeongezeka. Asumini akazitunga mwenyewe, akazining'iniza juu ya dirisha. Angesimama hapo, ndugu zangu, pangekuwa pazuri kabisa, tena kwa gharama ndogo, na mimi leo nisingekuwa na mfano wa kuwapigia.

Lakini shangazi akishaanza hasimami. Akatoka mtaani kuazima. Zulia jekundu akalitoa kwa mwenye duka la vyombo. Kioo kirefu kwa mwalimu wa chekechea. Pazia la lesi kwa mke wa mkemia, chandarua chenye taji kwa muuza samaki, chetezo cha shaba cha kufukizia udi kwa bibi mmoja aliyekitoa huku akikipiga busu la kukiaga. Na vikorokoro vingine ambavyo shangazi mwenyewe baadaye hakukumbuka amevitoa wapi. Kila mlango alisema neno lile lile: "Siku saba tu. Ya nane asubuhi unakiona kimerudi." Na watu walitoa kwa moyo mweupe, maana harusi ni furaha ya mtaa mzima.

Kijana alipokuja kutazama, alivua viatu tangu ukumbini. Alisimama katikati ya lile zulia machozi yakamtoka, shangazi akampiga kibao cha mgongo, akamwambia asilie juu ya kitu cha watu.

Siku ikafika. Nikah ikafungwa, vigelegele vikapigwa, bi harusi akaingizwa chumbani. Akatazama kuta, akatazama kioo, akatazama pazia linavyopepea.

"Mashaallah," akasema. "Vyote hivi umevinunua wewe?"

Hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo penyewe. Maneno machache ya kweli yangetosha. Angesema, "Mke wangu, haya ni mapenzi ya majirani, mimi ni fundi baiskeli," wangecheka wote wawili, mambo yakaisha. Lakini alimwangalia yule binti alivyopendeza, akaona hawezi kujishusha mbele yake siku ya kwanza. Ulimi ukateleza.

"Kidogo kidogo, mke wangu. Nilikuwa nikikusanya."

"Basi tuna vitu vizuri," akasema bi harusi, akatabasamu.

Kuanzia hapo kijana wa watu hakuonja fungate. Mnacheka? Subirini. Siku ya pili bi harusi alikuwa anakunywa kahawa, kikombe kikamponyoka, kahawa ikamwagika juu ya zulia. Bwana harusi aliruka kutoka kitandani kama aliyeumwa na siafu, akapiga magoti, akaanza kusugua kwa shati lake jipya la harusi.

"Acha, bwana," mkewe akamwambia kwa upole. "Si zulia letu wenyewe? Litafuliwa."

"Letu, ndiyo," akasema, jasho linamtoka, na anaendelea kusugua.

Siku ya tatu mke akasema, "Kioo chetu hiki tukipigilie misumari pale, kisitoke tena." Mume akasema misumari haipatikani siku hizi. Yeye, fundi. Siku ya tano ndiyo iliyotaka kummaliza. Walikuwa wanakula chapati kwa kuku wa nazi, na bi harusi akalitazama pazia la mke wa mkemia, akasema taratibu, "Pazia letu lina urefu wa bure. Kesho nitalikata chini, nishone vitambaa vya vile vimeza." Chapati ikamkwama mume kooni, ikabidi apigwe mgongo.

Usiku halali. Mtu akikohoa nje, anainuka kusikiliza kama ni mwenye kioo. Paka akipita darini, anadhani ni muuza samaki amefuata chandarua. Alimkataza mkewe kufukiza udi kwa sababu kaa la moto lingeweza kuruka. Mke mpya yuko ubavuni mwake, ananukia asumini, na yeye mawazo yake yapo kwenye pindo za zulia. Nasikia kina mama nyuma ya pazia mmeanza kucheka. Chekeni, lakini wanaume hawa mnaowacheka ndio waume zenu.

Na ndani ya moyo wake kulikuwa na hofu moja tu. Siku ya nane ikifika, vitu vikatolewa, huyu binti ataniita mwongo. Atafunga nguo zake atarudi kwao, na kwa haki.

Siku ya saba, baada ya sala ya adhuhuri, mlango ukagongwa.

"Hodi hapa."

Kijana alifika mlangoni kabla hodi ya pili haijatoka. Alikuwa mama mmoja mtu mzima wa nyumba ya tatu. Akanong'ona, "Mwanangu, nisamehe, najua bado siku moja. Nimepata wageni wa ghafla, nazihitaji zile foronya zangu za maua ya kudarizi."

"Mama, njoo kesho," kijana akanong'ona, amejaza mlango kwa mwili wake mzima. "Nakuomba. Kesho alfajiri nitakuletea mwenyewe."

Sauti ikatoka ndani. "Mwache mama apite, bwana. Karibu, mama. Shikamoo."

Kijana akauachia mlango. Akasogea pembeni. Mama akaingia, amejaa haya kuliko mwizi. Bi harusi alikuwa ameshavua foronya kwenye mito yote miwili, anazikunja taratibu, pembe kwa pembe. Akampa mama kwa mikono miwili.

"Ahsante kwa kutuazima, mama. Tazama hapa. Ua hili la tatu limepungukiwa na jani moja, unaliona? Uzi wa kijani uliniishia. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama yangu alikuwa akinidarizisha, halafu anapeleka kuuza sokoni."

Yule mama akalitafuta lile ua, akaliona, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nimezilalia miaka yote hii, wewe ndiye uliyezidarizi."

Mama akatoka na foronya zake. Kijana alikuwa amesimama, kichwa chini, kama anayesubiri kuhukumiwa.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza, nilipoweka kichwa kwenye mto. Mtu hasahau kazi ya mkono wake, na hizi ziliuzwa zamani, wewe ukiwa bado hujapanga hata chumba. Nikajiambia, aliyeazima foronya, zulia hili alinunue kwa pesa gani?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe. Nimesema zulia letu, kioo chetu, pazia letu, nakufungulia mlango kila siku, na wewe hupiti. Mimi niliolewa na fundi baiskeli, bwana. Nilijua ni fundi baiskeli. Siku saba hizi nimekaa namngoja aje, na wewe ulikuwa unalinda mazulia."

Kijana akalia, kisha akacheka, kisha akashindwa kujua afanye lipi. Jioni ile ile, bila kungoja siku ya nane, walitoka wote wawili, zulia wamelibeba mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma, wakirudisha vitu nyumba hadi nyumba na kushukuru kila mlango. Majirani walipiga vigelegele kuliko siku ya harusi yenyewe. Shangazi alikasirika kidogo kwamba hakuulizwa, lakini akapoa. Na walipoingia tena chumbani, zimebaki kuta za buluu, kitanda na makreti mawili, fundi baiskeli alijitupa kwenye mto usio na foronya, akalala usingizi mzito, akikoroma, mkewe amekaa pembeni anamcheka.

Sasa, ndugu zangu, na sisi.

Mwenyezi Mungu hafananishwi na kitu chochote, na mfano huu una mipaka yake. Lakini tuutazame. Wewe unayekuja mbele ya Mola wako umejipamba: sauti nzuri ya kusoma, ni ya nani? Elimu uliyonayo, nguvu za kusimama usiku, watoto waliokaa vizuri safu ya mbele, mali unayotoa sadaka mpaka mtaa mzima ukasikia, vyote hivyo umevipata wapi? Tumempambia chumba kwa vitu vyake mwenyewe, halafu tunahofia asije akagundua kwamba sisi ni maskini. Yeye aliyetuumba. Yeye aliyeona ule uzi ulipoisha, anajua jani lipi lilipungua kwako na kwa nini.

Na tunachoka bure. Tunasali huku tunalinda sura zetu. Tunatubu kwa maneno makubwa ya jumla, lakini lile jambo moja, unalijua wewe, tunalifunika. Tunadhani akiliona atatuacha. Ndugu yangu, ameshaliona. Ameliona tangu siku ya kwanza, na riziki yako ya leo asubuhi ilikufika vile vile. Jua lilichomoza kwako. Pumzi hukunyimwa. Huo si ukimya wa asiyejua. Ni subira ya mwenye kukupenda, anayekungoja useme.

Furaha ya imani tumeiahirisha mpaka tutakapokuwa watu wa maana. Siku zinakwenda, na siku zetu zina idadi. Hatutakuwa watu wa maana. Tutakuwa waja tu, na waja ndio walioalikwa.

Kwa hiyo leo sitawaombea mimi. Inueni mikono, kila mtu kwa ulimi wake, kimya kimya, amwambie lile jambo moja. Msihofu. Hamumpi habari mpya.