Mti Uliokaripiwa na Balari

Vueni viatu, mkae karibu na moto, na mtu asiniulize tena jina la mhandisi. Mmekuja kumi na wawili kutoka vyuo vya huko tambarare, na tangu mvua iwafukuze darajani hadi jikoni kwangu nimeulizwa mara nne: nani alichora, nani alipima, serikali gani ilitoa kibali. Hakuna aliyechora. Daraja lile lilipandwa. Nitaeleza mara moja tu, na mvua hii haitakatika kabla sijamaliza, maana naijua.

Jimbo letu mnaliita Meghalaya, makao ya mawingu. Jina hilo ni la juzi, lakini mawingu ni ya tangu na tangu. Hutoka baharini, yakapita juu ya mashamba ya Wabengali bila kudondosha kitu, kisha yakajigonga kwenye milima yetu sisi Wakhasi na kumwaga yote yaliyobeba. Ndiyo maana bibi zetu walisuka ngao za mianzi na majani, wakazivaa mgongoni kama gamba la kobe, wakalima hivyo hivyo wameinama, mvua ikiwapiga.

Wakati ninaousimulia, miti yote ilificha mizizi yake ardhini. Hapakuwa na mzizi hata mmoja uliowahi kuona jua. Na mto wetu wa Umrasong, ule unaounguruma hapo chini, ulivukwa kwa daraja la mianzi.

Daraja hilo lilijengwa kila mwaka mvua zilipokwisha, na kila mwaka mvua ziliporudi mto ulilibeba. Wanaume walikutana barazani. Kwetu nyumba ni ya mama, na jina la ukoo ni la mama, ila baraza lilikuwa la wanaume, na mwanamke hakuruhusiwa kutia neno. Walikaa siku nzima, wakatafuna tambuu na popoo mpaka midomo ikawa myekundu, kisha wakaamua kujenga daraja la mianzi. Mwaka uliofuata walikaa tena siku nzima, wakaamua kujenga daraja la mianzi.

Katika kijiji hicho aliishi mkunga aliyeitwa Balari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiopumzika. Kaka yake, Shanbor, ndiye aliyekuwa msemaji wa baraza. Binti yake wa kwanza, Aiti, alikuwa ameolewa na kijana aliyeitwa Kitbok, na wawili hao walijenga ng'ambo ya mto, kwenye bustani za michungwa. Kutoka mlango wa mama hadi mlango wa binti palikuwa na mwendo wa kutafuna tambuu moja tu. Wakati wa mvua, palikuwa mbali kuliko mwezi.

Aiti akashika mimba. Balari alihesabu kwa vidole, akaona mtoto atakuja mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekolea. Akamwendea kaka yake.

"Kaka, mwaka huu daraja lifungwe kwa kamba maradufu. Binti yangu atajifungua."

"Nitalifikisha barazani," akasema Shanbor.

"Ulilifikisha mwaka jana."

"Na baraza lililipokea vizuri sana, dada yangu."

Balari akamwambia Aiti arudi nyumbani kabla ya mvua. Aiti akakubali, ila machungwa ya mwisho yalikuwa hayajachumwa, akaomba siku nane, mpaka soko lijalo. Siku ya tano mvua ikaanguka kama ukuta. Siku ya sita daraja halikuwepo.

Ikafika siku ya uchungu. Kitbok alikuja ukingoni, upande wake, akapunga kitambaa. Balari alikuja ukingoni, upande wake, na mkoba wa dawa begani. Kati yao maji yalikuwa ya rangi ya chai, yakibingirisha mawe makubwa kama ng'ombe. Kitbok alifungua mdomo, akapiga kelele. Balari hakusikia hata neno. Naye alipiga kelele: mgeuze, mlaze ubavu, chemsha maji, usimvute mtoto! Kitbok akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Walisimama hivyo siku mbili, watu wawili wanaotazamana wakiwa karibu kiasi cha kurushiana chungwa.

Siku ya tatu Kitbok alikuja polepole, amebeba kitu kidogo kilichofungwa nguo nyeupe. Alikiinua ili mama mkwe akione. Kisha akageuka, akaenda nacho. Aiti alipona. Mtoto, aliyekuwa wa kike, hakupona.

Mvua zilipokwisha baraza likakutana. Walikaa siku nzima. Jioni haijaingia, Shanbor akasimama kutangaza kwamba wazee wameafikiana kujenga daraja la mianzi. Hapo Balari akaingia. Hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga pale, na wanaume walishangaa kiasi cha kusahau kumzuia.

"Miaka thelathini!" akasema. "Miaka thelathini mnajenga kitu kilekile, mto unachukua kitu kilekile, nanyi mnarudi hapa kukubaliana kitu kilekile! Hata mbuzi akigonga lango mara tatu hutafuta pengine pa kupita."

"Dada, keti," akasema Shanbor kwa aibu. "Hapana, usiketi. Toka. Mto ni mto. Tangu mababu umekuwa hivyo."

"Uliiona ile nguo nyeupe?"

Shanbor akatazama chini. "Niliiona."

"Basi usiniambie habari za mababu."

Akatoka. Alikuwa amechoka, jinsi mtu anavyochoka na watu asioweza kuwaacha. Akashuka ngazi za mawe mpaka mtoni, na pale, kwa kuwa hapakuwa na wa kumzuia, akaanza kuugombeza mto. Aliutukana kwa majina ya vijito vyake vyote. Mto ukaendelea kupita. Akaligombeza wingu, wingu likamnyeshea. Akageuka, macho yakamwangukia mti mkubwa uliosimama ukingoni, ule wa jamii ya mkuyu ambao utomvu wake hunata kama mpira. Ulikuwa umesimama pale tangu zama, umenyooka, unapepea majani yake mapana.

"Na wewe je?" akaupigia kelele. "Wewe uliyaona yote! Una miguu mingi kuliko kijiji kizima, nayo yote umeifukia, usije ukaombwa msaada. Mafuriko yakija unashikilia udongo wako, unajishikilia wewe mwenyewe, umeshiba! Mtu mzima na kivuli chako kikubwa! Huoni haya?"

Aliusema hivyo mpaka sauti ikakauka. Kisha akaupiga teke, akaumia kidole, akarudi nyumbani akichechemea.

Wanasema mti haukuwahi kusemeshwa kabla ya siku hiyo. Watu waliukata matawi, walijikinga mvua chini yake, lakini hakuna aliyeusemesha. Asubuhi Balari aliporudi kuchota maji, aliona kitu kwenye shina, juu kidogo ya kichwa chake. Kulikuwa na mzizi mmoja, mwembamba kama mkia wa panya, umetoka kwenye gome na unaning'inia hewani, mweupe, haujui pa kuelekea.

Balari alitua mtungi chini.

"Mmoja?" akasema. "Miguu yote hiyo, umenipa mmoja?"

Lakini aliushika kwa vidole viwili, taratibu, jinsi alivyozoea kumshika mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

Shida ya mzizi ni kwamba ulijua njia moja tu: chini. Kila alipouelekeza ng'ambo, keshoye aliukuta umepinda kuutafuta udongo. Akakata shina la mpopoo, akalipasua katikati, akalichimba likawa kama mfereji. Akalilaza kutoka kwenye mti hadi kwenye jiwe lililosimama katikati ya mto, akatia tope na majani yaliyooza, akaulaza mzizi humo ndani, ili udhani unakwenda chini kumbe unavuka. Mvua zikaja, mto ukabeba mpopoo. Mzizi haukukatika, ukabaki unaning'inia. Balari akakata mpopoo mwingine.

Kila siku alikwenda, na kila siku aliukaripia. "Unatembea kama mtu anayekwenda kulipa deni! Unene wa kidole kwa mwaka mzima! Mimi ninazeeka, unajua?" Mti ukatoa mzizi wa pili, na wa tatu. Wanaume wakiteremka kujenga daraja lao la mianzi walimkuta pale, wakacheka kimya kimya.

Siku moja Shanbor akamfuata. "Dada, watu wanasema. Unagombana na mti."

"Afadhali mti," akajibu Balari bila kuinua kichwa. "Huo walau unasikia."

Shanbor akamshikia ncha ya mpopoo alipokuwa akiufunga. Hakumwambia mtu yeyote barazani.

Miaka mitano ikapita. Mizizi ikafika kwenye jiwe la katikati. Miaka kumi, ikaanza kutafuta ukingo wa pili. Ng'ambo ile Kitbok aliipokea, akaichimbia mashimo, akaifukia na kuikanyaga. Aiti alizaa watoto watatu, wote kiangazi, mama yake akiwa kando yake. Kati yao alikuwapo msichana aliyeitwa Ibanri. Bado watu walivuka kwa mianzi, kwa maana mizizi ilikuwa haijakaza, ukiikanyaga inayumba. Balari aliisokota mmoja na mwenziwe, akajaza mawe katikati, akagombeza kila pengo aliloliona. Nywele zake zikawa nyeupe. Mwaka wa ishirini na mmoja alikuwa akishuka zile ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, akitukana waliozichonga.

Mwaka huo Ibanri naye akawa mjamzito, na mtoto wake akaamua kuja mwezi wa saba.

Mvua ilikuwa na siku tisa bila kupumua. Daraja la mianzi lilishakwenda. Aiti mwenyewe alikuja ukingoni mchana ule akapunga kitambaa, na Balari, kutoka upande wake, akakiona. Kijiji chote kilishuka kutazama. Hakuna aliyewahi kupita juu ya mizizi ile mto ukiwa umefura. Maji yalikuwa yanailamba kwa chini.

"Subiri, dada," akasema Shanbor, naye mzee sasa. "Tuitishe kwanza..."

"Itisha," akasema Balari, na akakanyaga.

Alikwenda kwa mikono na miguu, ngao ya mvua mgongoni, mkoba wa dawa ameuuma kwa meno. Katikati, pale kwenye jiwe, gogo lililobebwa na mto likagonga mizizi. Watu wakapiga yowe. Mizizi ikanyooka, ikalia kama kamba ya mashua, ikarudi mahali pake. Balari akalala kifudifudi amekumbatia ule mzizi wa kwanza, ambao sasa ulikuwa mnene kama paja lake. Waliokuwa ukingoni wanasema alikuwa analia. Wanasema pia walimwona akinong'ona na mti, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiusemesha bila ukali. Alichosema hakuna ajuaye. Akainuka, akamaliza upande uliobaki.

Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Balari alimgeuza. Kabla moto wa jioni haujawashwa kilio cha mtoto kilisikika ndani ya nyumba, na Kitbok akatoka mbio mpaka ukingoni kuwaonyesha wa upande wa pili. Alimwinua juu, uchi, mwekundu, anapiga mateke. Upande wa pili watu walipiga kelele hata mto ukasikika mdogo. Shanbor aliketi kwenye tope, akafunika uso.

Basi mvua zilipokwisha baraza likakutana. Mnadhani walimshukuru? Walikaa siku nzima, wakatafuna popoo, na mwisho wakatangaza kwamba wazee wameafikiana kupanda daraja la mizizi. Daraja lililokwisha kuwepo! Mimi kila nikifika hapa damu yangu huchemka, na sikuwepo. Lakini safari hii Shanbor alimwita dada yake aingie, akampa kigoda chake, akawaambia wenzake wanyamaze.

Balari aliwatazama wote mmoja mmoja. "Semeni mmepanda ninyi, hainihusu," akasema. "Ila mti huu haujamaliza. Hautamaliza kamwe. Kila mwaka utatoa mzizi mpya usiojua pa kwenda. Kila atakayevuka, awe mzee, awe mtoto, awe mjomba wa nani, atasimama, atauchukua mzizi mmoja unaoning'inia na kuusokotea mahali pake. Asiyeweza hilo aogelee."

Baraza likaafiki. Alifariki kiangazi kilichofuata, usingizini.

Na tangu siku hiyo mti ule, na watoto wake katika mabonde yote ya milima yetu, hutoa mizizi nje ya shina, juu hewani, huku mingine ikijificha ardhini. Ni ile haya aliyoutia Balari, bado haijauisha. Na tangu siku hiyo sisi watu wa huku madaraja yetu hatuyajengi. Tunayapanda, anaanza bibi, anavuka mjukuu, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyokaza.

Haya, mvua imepungua, au imejifanya kupungua. Viatu vyenu ni vile mlangoni. Leo asubuhi niliwatazama mkipita: mlisimama wote kumi na wawili katikati, mkapiga picha, mkaruka ruka kupima kama linahimili. Hakuna hata mmoja aliyegusa mzizi. Sasa mnarudi njia ileile, na mimi nitasimama mlangoni hapa kuwatazama. Mmoja mmoja, kila mtu mzizi wake. Na msiusokote kwa haraka.