Aliyeokota Kipande chenye Mto

Saa ya wengi huivaa wa mwisho.

Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, mwenyekiti akimrushia yule bwana wa usafiri aliyechelewa, nanyi mkacheka mpaka soda zikawapalia. Sasa mnaniuliza mimi shangazi yenu imetoka wapi. Vizuri mmeuliza, maana watu wanaitumia kama fimbo, na haikuzaliwa kuwa fimbo. Msidhani imetoka kwa wahenga. Ilizaliwa chuoni kwetu kule Mbeya, katika darasa la Dakta Msigwa, nikiwa mkufunzi wake msaidizi, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Somo lenyewe lilihusu kuzifanya kompyuta nyingi zifanye kazi moja kwa pamoja. Tulikuwa na kompyuta chakavu tulizoziunganisha kwa nyaya, wanafunzi wakazipa jina la Siafu, kwa sababu siafu mmoja utamkanyaga, lakini wakija kundi, utahama nyumba. Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu. Kila kundi linapewa ramani ya bonde la mto Mwasinga na kiasi cha mvua iliyonyesha, kisha Siafu wanapiga hesabu ya maji yatakakofika, saa baada ya saa. Hesabu iishe kabla ya kengele ya chakula cha mchana. Kengele ikilia bado, kundi zima limefeli.

Katika kundi mojawapo alikuwamo binti wa Tukuyu, Atuganile. Alikuwa anarudia somo hilo. Akifeli tena anadisko, yaani anafungasha virago na chuo anakiaga. Na baba yake alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba binti anamaliza mwaka huo!

Kiongozi wa kundi alikuwa Lwitiko. Kijana ana akili, sikatai, lakini mdomo, jamani! Huyu aliigawa ramani kama wazee wetu wanavyogawa shamba la urithi. Akavuta mistari kutoka juu ya bonde hadi chini, vikapatikana vipande virefu vyenye upana sawa, kila mtu na kompyuta yake, kisha wakapiga kura. Nani angelalamika? Atuganile akaokota kipande cha katikati. Sasa mto wote, tangu chemchemi hadi mdomoni, pamoja na vijito vyake, ulikuwa humo. Wenzake wakapata vilima, ambako maji yakidondoka yanateremka tu na hesabu imekwisha.

Sikilizeni hapa vizuri. Maji ya kipande kimoja huingia katika kipande cha jirani. Kwa hiyo hakuna kompyuta iliyoruhusiwa kuanza hesabu ya saa inayofuata kabla zote hazijamaliza saa iliyopo. Wenye vilima wanamaliza, wanakaa kusubiri. Taa za kompyuta zao zimezima, inawaka ya Atuganile peke yake.

Walipofanya majaribio, kengele ililia hesabu haijafika hata nusu. Lwitiko akaniomba kompyuta za ziada, nikampa. Akakipasua kila kipande katikati kikawa viwili, kwa urefu uleule. Mto ukaangukia tena upande mmoja, wa Atuganile. Waliokuwa wanakaa, sasa wakawa wanakaa zaidi. Ulimi uliniwasha, lakini msimamizi haruhusiwi kutoa jibu, basi nikaumeza.

Siku moja kabla ya mtihani, Lwitiko akasimama mbele ya darasa zima.

“Dada Atu, tusidanganyane. Sisi wote tunamaliza mapema. Saa ya kundi hili umeivaa wewe. Nitamwomba Dakta akutoe, kipande chako nikichukue mimi.”

Kutolewa kundini ni kukosa alama, na kukosa alama kwa Atuganile ni kudisko. Nilimwonea huruma. Nikatarajia machozi. Thubutu! Binti akavuta kiti, akakipangusa.

“Karibu, kaka. Kaa.”

“Nikae nifanye nini?”

“Si umesema unakichukua? Kichukue sasa hivi, ukiendeshe kwenye kompyuta yako mwenyewe. Mimi nipe kilima chako.”

Wenzake wakapiga makofi, naye Lwitiko angekataaje? Wakabadilishana. Hesabu ikaanza. Kufumba na kufumbua kilima kimekwisha, taa ya Atuganile imezima. Akaenda kantini, akanywa chai na chapati bila haraka, akarudi. Lwitiko alikuwa palepale, taa yake inawaka peke yake, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Mbeya.

“Kaka,” Atuganile akasema kwa upole, “mbona unatuchelewesha?”

“Sichelewi mimi! Nina mto mzima humu!”

Mara akasikia alichosema. Darasa likaangua kicheko, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe.

Atuganile hakucheka. “Hata mimi nilikuwa nao huohuo,” akasema. “Tuligawana ardhi, kaka. Kazi hatukugawana.”

Lwitiko akajifuta uso. Halafu, na kwa hili nampa heshima yake mpaka leo, akamsogezea ramani. “Samahani, dada. Hebu tuoneshe pa kukata.”

Atuganile akakata kwa kuukatisha mto, kilima cha huku hadi kilima cha kule, ili kila mmoja apate mto wake na vilima vyake. Kule juu penye vijito vingi akakata vipande vyembamba, kule chini akaviacha vipana. Kwa macho havikulingana hata kidogo. Mzee wa kugawa mashamba angevikataa hadharani.

Siku ya mtihani taa zote ziliwaka pamoja, zikazima pamoja. Hesabu iliisha mpishi wa kantini akiwa bado anachambua mchele. Dakta Msigwa akaja na swali alilokuwa akiliuliza kila kundi, swali lililokuwa limeshawagombanisha wengi mle ndani, kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole.

“Nani kati yenu alikuwa wa mwisho?”

Lwitiko akawatazama wenzake mmoja mmoja.

“Dakta, leo hayupo. Mto tumeubeba sote.”

Atuganile hakudisko. Alipita kwa alama ambazo mimi mwenyewe nilizihakiki, na nilizihakiki huku nikiimba.

Maneno yale ya Lwitiko, ya saa na ya mto, yalisambaa chuoni, yakageuka methali, yakatoka nje, yakafika mpaka kwenye vikao vya harusi. Lakini njiani watu waliidondosha nusu ya mto, wakabaki na ya saa, ya kumsema mtu. Aliyevaa saa, wanangu, hamsukumi. Mnamwendea, mnamuuliza amebeba nini, kisha mnashika upande wenu. Saa ya wengi huivaa wa mwisho.